Kwanza Nafasi

Mama yake alimfunza kuziba:
soksi, dirisha, mdomo.
Piroska akaenda kutafuta matundu.

Miaka thelathini na moja, Szeged, chumba cha chini,
akipika fuwele katika tanuri lenye mlango mbovu:
unga mweupe; gramu moja, ukiikunjua ndani,
yafunika uwanja wa mpira.
Wenye fedha walimuuliza, humo utaweka nini?
“Bado. Kwanza nafasi.”

Unga wa kwanza ulikunywa maji ukabomoka.
Wa tisini ulinuka mayai viza.
Wa mia mbili na sita, Januari, usiku,
mshale wa mizani ukapanda:
hewa ukaa ya dohani imeingia, imetulia
kama mgeni aliyepewa kiti.

Leo amerudisha funguo.
Soksi ya kushoto ina tundu.

Hataliziba.