Milimita Nne

Ya zamani ilikufa Jumanne, bila kelele:
taa nyekundu ikawaka, basi.
Nikaendesha kilomita kumi na moja hadi nyumbani
nimezima hita, nimezima redio, nimeacha hata kuongea peke yangu,
kana kwamba ulimi nao unakula betri.

Lori ni la jeshi. Lilikuwa.
Tulilinunua mnadani, Terhikki na mimi,
kwa bei ya ng'ombe wawili na ndama mgonjwa.
Mlangoni kuna namba tuliyoipaka rangi juu;
kila kiangazi inarudi,
kama neno ulilokatazwa kulisema.

Ghalani leo ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Spana inang'ata. Navaa glavu, nati haishikiki;
navua glavu, vidole si vyangu.
Nimefungua waya wa hasi kwanza:
miaka kumi na tisa kwenye gereji ya mabasi ya Kajaani
ilinifundisha hilo, na kovu hili la kiganjani
lilirudia somo kwa asiyesikia.

Altaneta mpya si mpya. Imetoka kwenye basi la njia ya saba
ambalo nililitambua kwa kikohozi chake kabla halijakata kona.
Voti ishirini na nne, sawa. Uzito wa mtoto wa miezi mitano.
Nikaipakata, nikaitundika kwenye bolti ya chini,
nikachungulia puli kwa jicho moja:
milimita nne nje ya mstari.

Mwulize mpita njia, atakwambia si kitu.
Mwulize mkanda.
Mkanda utalia wiki nzima, kisha utapinduka,
kisha utakatika usiku wa dhoruba kati ya maziwa mawili,
mahali ambapo simu haishiki.

Urpo wa jirani amekalia galoni, kimya.
Mwaka wa sabini na nne aliendesha lori kama hili,
kuruta wa miaka kumi na tisa, taa zimezibwa,
akifuata nukta moja nyeupe chini ya lori la mbele
msituni hadi alfajiri. Mpaka leo, asema mkewe,
akiwa usingizini huinamia kulia, penye kona.

Nikapekua washa. Nyembamba mno. Pana mno.
Moja imeliwa na kutu, nikaivunja kama biskuti.
Urpo akainuka, akaenda zake. Baridi imemshinda, nikasema.
Akarudi na kopo la kahawa, ndani chuma kikichekacheka:
marka. Zote alizokataa kubadilisha
pesa mpya ilipoingia,
kwa sababu serikali, alisema, hubadili mawazo.

"Pima."
Nikapima. Mbili zikipandana, na kipande cha bati la sardini.
Nikazibana kwenye jiliwa, nikashusha keekee
tumboni mwa simba, yule simba wa nchi isiyo na simba,
na unga wa dhahabu ya uongo ukamwagika kwenye theluji ya buti zangu.
Urpo akageuza uso.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu hakupewa hata chai.
Nikamvuta kwa mtaimbo, nikakaza,
nikaubonyeza mkanda kwa dole gumba: unarudi, si sana.
Waya mnene. Waya mwembamba. Hasi mwisho.

Injini ilikataa, ikakataa, ikakumbuka.
Taa nyekundu ilibaki pale, ikinitazama.
Nikakanyaga mafuta kidogo.
Ikazimika.
Ishirini na saba na nukta nane, sindano imetulia,
na mkanda hausemi neno.

"Unanidai marka mbili," nikapaza sauti.
Hakujibu. Alikuwa ameingiza mkono dirishani
akageuza ile swichi tusiyoigusa kamwe.
Ghala likawa giza. Nikamwona kwenye kioo, nyuma,
amepiga hatua saba kinyumenyume hadi thelujini,
nukta nyeupe imemwangukia magotini,
mwili umeinama kidogo
kulia.