Mrututu

Mwalimu Mghoi alichora ngazi ubaoni,
potasiamu kileleni, dhahabu sakafuni,
magnesi, zinki, chuma, risasi, shaba humo katikati,
akapangusa chaki kwenye sketi:
"Msidhani hii ni safu ya heshima.
Wa juu ni yule asiyetulia na alicho nacho.
Akimkuta wa chini yake ndani ya chumvi
humtoa, akaingia yeye."

Tukapewa mrututu, ule ule wa bibi
wa kutibia vidonda,
leo umo gilasini, buluu kama mlango wa jirani.
Msumari ukazama.
Kufika kengele umevaa wekundu usio wake,
na buluu imechujuka,
imekuwa maji ya kuchemshia mchicha.
Chuma kimeingia. Shaba imetoka.
Hatukusikia hata mlango kubamizwa.

Swali la mtihani lilikuja kivingine:
kipande cha shaba ndani ya chumvi ya zinki. Bashiri.
Niliandika mistari minne, nikapewa sufuri.
Jibu lilikuwa maneno mawili:
hakuna kitu.

Ami Famau, sonara wa Kibokoni, hajui elektroni.
Ana bakuli la kauri chini ya meza,
na ndani asidi iliyokula vumbi la mwaka mzima,
chembe za tupa, vipande vya vikuku vya watu.
Fedha yote imo humo, na huioni.
Alikata waya wa umeme, akaumenya kwa meno.
Nikamtangulia, kwa kiburi cha kidato cha tatu:
"Shaba itaingia. Fedha itatoka. Maji yatageuka buluu."
Akanitazama juu ya miwani.

Waya ukaota manyoya,
ya kijivu, kisha meupe, yakinyonyoka, yakianguka,
na buluu ikaanza taratibu
kama wino uliovuja mfukoni.
"Babu yako alifanya hivi," akasema,
"na hakusomeshwa na Mghoi."

Halafu akafungua fundo la leso.
"Haya. Na hini?"
Pete ya Bi Mwanashee, mkewe,
aliyetutoka mwaka juzi kabla ya mfungo.
Nikaitafuta kwenye ngazi: chini kabisa.
Kila mmoja aweza kuitoa,
yenyewe haimtoi mtu.
"Hakuna kitu," nikasema.
"Una hakika?"
Nikaikumbuka sufuri yangu, nikakohoa.
"Nina hakika."
Akaiachia.

Magharibi ikapita. Taa za Ndia Kuu zikawaka.
Mteja alibisha, akaondoka.
Ami alikuwa amevuta kigoda, viganja magotini,
macho kwenye pete chini ya buluu,
ya njano, nzima,
na mkwaruzo wake ule ule wa kinu.
Nikavuta kigoda cha pili,
tukaitazama hakuna kitu
ikitokea.