Upindo

Sketi ya darasa la kwanza niliikata kwa hesabu ya fundi:
kiuno cha lastiki, marinda manane,
na upindo wa inchi nne nimeukunjia ndani,
maana mwaka ukigeuka na mtoto hugeuka,
na kitambaa Barabara ya Nane hakigawiwi sadaka.

La kwanza likapita. La pili.
La tatu nikaipindua sketi:
uzi wangu uko palepale, haujafumuliwa.
Bluu ya nje imechujuka, maji ya kufulia,
ya ndani ingali mpya, inasubiri miguu.

Kwenye mstari wa asubuhi, wafupi mbele,
wenzake walibadilishana nafasi kila muhula.
Mwantumu hakubadilishana na mtu.

Ngamiani kuna macho, na midomo haiko mbali.
Wakasema karithi kwa babu yake.
Wakasema jini kamkalia begani.
Begani! Kilo kumi na sita,
jini gani angeenea?

Daktari Mlawa bega hakulitazama.
Alipiga picha kiganja cha kushoto, akaibandika kwenye taa:
"Mtoto ana miaka tisa. Mifupa hii ina mitano."
Akasema ipo tezi chini ya ubongo, kama punje ya choroko,
kazi yake kuiambia mifupa, haya, kueni,
na ya Mwantumu imenyamaza.
Nikauliza, nilikosea nini ikanyamaza?
Akasema, hukukosea. Imenyamaza tu.
Hiyo "tu" nimeishika mkononi
basi zima, Dar hadi Tanga.

Sindano mimi naijua, ndiyo inayonilisha.
Lakini ile ya homoni, nyembamba kama unywele,
muuguzi alinipa chungwa la Muheza nijifunzie.
Chungwa halikusema kitu.
Usiku wa kwanza, mkono uliotoboa majora kwa majora
ukagoma juu ya paja moja dogo,
na mwenye paja ndiye aliyehesabu:
moja, mbili, mama, choma.

Cherehani ya kudarizi niliiuza.
Dawa ikalala kwa Bi Tunu, kwenye friji ya kuuzia barafu za ubuyu,
mlangoni, si kule juu, Bi Tunu, ikiganda imekufa.
Umeme ukikatika aliifunga taulo
akaitia kwenye mtungi, akaukalia macho.
Kwenye boksi aliandika kwa kalamu ya mkaa:
MSIGUSE. HUMU MNA UREFU WA MTOTO.

Mwaka ulipotimu wakampima: sentimita kumi.
Kwa futi yangu, inchi nne kasoro unyuzi.
Nikakaa kizingitini na wembe
nikafumua.
Bluu mbichi ikashuka chini ya ile iliyochujuka,
mkanda mzima, kuzunguka.
Nikamwambia nitakushonea nyingine, watakucheka.
Akasema acha hivyohivyo.
Akaivaa mpaka marinda yakalala.

Miaka iliyofuata haikuwa na mbio zile.
Tano. Nne na nusu. Mwaka mmoja, moja na kitu.
Kulia, kushoto, paja, tumbo,
usiku elfu mbili na mia nane, nimehesabu kwenye kalenda za duka la rangi,
na ziko siku sita zisizo na alama,
sitazisema.

Juzi daktari akabandika kiganja kwenye taa.
Mifupa imefunga. Mia na hamsini kasoro moja.
Inchi hamsini na nane na robo tatu.
Nami moyoni nilishamkatia gauni la mia na sitini.
Yeye akauliza kama leo halali tena na sindano.
Halali nayo.
Akarudi nyumbani, akafunga komeo la juu la mlango
bila stuli, akalifungua,
akalifunga tena.

Gauni la mahafali ni la zambarau, kitambaa kachagua mwenyewe.
Nimeshakunja chini vidole vinne, mkono na mazoea yake,
akauweka wake juu ya wangu:
"Kimoja kinatosha, mama. Cha kuzuia nyuzi."

Nikakata.
Kipande kilichobaki kikatosha mkanda.