Kalamu Nyekundu

Saa tano usiku, mvua ya Vihiga ikigonga mabati
kana kwamba inadai deni,
Adagala aliingia na binti yake mgongoni
na kichupa mfukoni mwa koti.
"Sista, dawa ninayo. Nimeinunua Majengo.
Wewe nidungie tu."

Nilikiinua kwenye taa ya sola.
Penisilini. Unga mweupe, mkimya.
Lebo imelainika kwa jasho la mfuko,
tarehe ya kuisha imefutika nusu.
Na nani angenieleza kilishinda wapi mchana,
juani, au rafuni kando ya sabuni?

"Ana kilo ngapi?"
"Sista, mtoto anaungua!"
"Naona anaungua. Kilo ngapi?"

Haraka haina baraka, husema watu
wakati mgonjwa si wa mgongo wao.
Sikuisema.
Nilimpandisha Kageha kwenye mizani:
kumi na sita na nusu.
Niliiandika kiganjani,
maana dawa hii haipimwi kwa huruma.

"Amewahi kudhuriwa na dawa yoyote?"
"Hapana," akajibu upesi,
kama anayejibu askari wa barabarani.
"Kijitabu cha kliniki?"

Kilikuwa ndani ya mfuko wa unga, kimeviringwa kwa leso,
kurasa zimegandamana kwa uji wa zamani.
Nilizibandua moja moja,
huku kifua cha mtoto kikibonyea chini ya mbavu
na baba akinihesabia dakika kwa macho.

Pembeni mwa ukurasa wa chanjo,
mwandiko umelala kama mahindi baada ya upepo,
kalamu nyekundu:
*Penisilini: midomo ilivimba, pumzi ikabana. ASIPEWE TENA.*
Chini yake mistari miwili,
wa pili umetoboa karatasi.

Adagala aliketi kwenye benchi
kama mtu aliyekatwa kamba.
"Mwaka huo nilikuwa Naivasha, nakata maua.
Mamake ndiye aliyejua."
Akanyamaza. Mvua ikamalizia:
mamake alizikwa Agosti.

Nilimwamsha Imbuga, daktari wetu wa zamu,
akaja na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja.
Akasikiliza kifua, akatoboa kidole apime malaria,
akasoma wino ule mwekundu mara mbili.
Akachagua dawa ya ukoo mwingine,
akaitaja kwa jina, akataja kipimo;
nikamrudishia jina, nikamrudishia kipimo.

Kisha mikono na sabuni.
Bomba jipya, nikalipasua karatasi mbele ya baba aone.
Maji kiasi kilichoandikwa, si tone la kubahatisha,
nikakitikisa kichupa mpaka kikaangaza,
nikafukuza hewa,
nikasukuma polepole,
polepole kuliko alivyotaka kulia.
Kando yangu, kwenye trei, adrenalini,
mlinzi ninayemwombea asiwe na kazi.

Tukaketi nusu saa bila simulizi.
Nilitazama midomo.
Sijawahi kutazama midomo ya mtu hivyo,
wala ya yule niliyempenda.
Ilibaki midomo.
Ikasema, "Nataka chai."

Palipopambazuka nilimwambia Adagala:
dozi zote, hata kesho akicheka, hata akikimbiza kuku.
Akaitikia. Halafu, kwa sauti ya mnunuzi,
"Na kile changu? Jirani ana jipu."
Nikamwambia jipu la jirani lina miguu, lije lenyewe.
Kichupa kikabaki kwangu, kwenye sanduku la vya kuteketezwa.
Hakufurahi. Kilimgharimu kibarua cha siku nzima.

Nilitafuta jina la aliyeandika.
Herufi mbili tu, M.K., na muhuri uliochujuka
wa zahanati nisiyoijua.
Labda amestaafu, analima chai huko Hamisi.
Labda naye alikuwa na foleni mpaka mlangoni
siku alipoinama kutoboa karatasi.

Ukurasa ule hautavuka masika mengine.
Nikaamua kuyaandika upya kwenye jalada, herufi kubwa.
Mkononi nilikuwa na kalamu ya buluu.
Nikaiweka chini,
nikapekua droo nzima
nikitafuta nyekundu.