Mti Usiohesabiwa

Saimi alipiga magoti kwenye theluji ya Machi,
akavua glavu, akapekua shina la mpopla:
vipunje vya manjano, vidogo kama mchele.
"Mavi," akasema, kwa sauti ya aliyeokota dhahabu.
"Kindi arukaye analala humu."

Nami nilikuwa nimeshawasha mashine.

Msitu ni wa Bi Lempi. Aliupanda na mumewe
mwaka waliooana, mche kwa mche, mbu wakiwala.
Sasa mume yu kaburini Puolanka, paa linavuja,
na misonobari imeiva kama deni.
"Huyo kindi," aliniuliza akinimiminia kahawa,
"atanilipia bati?"
Sikujibu. Nami nalipwa kwa mita za ujazo,
na mkono mtupu haulambwi.

Wakaitandika ramani katikati ya vikombe.
Saimi akachora duara. Bi Lempi akalipunguza.
Saimi akalipanua tena, upana wa ukucha.
Wakatia saini, hakuna aliyecheka.

Siku tatu nikavuna.
Mkono wa chuma unakumbatia, unakata, unalaza,
unayavua matawi kama mtu avuaye shati;
kioo kinahesabu: mbao, nguzo, karatasi.
Vigogo vingine nikavikatia juu, kimo cha watu wawili,
vioze vikiwa wima, gogota apate riziki.
Hayo yote yameandikwa. Mimi hufuata maandishi.

Jioni ya tatu nikazima injini, nikaliona duara:
mipopla minne, misonobari kumi na mmoja,
na visiki pande zote.
Msitu wa jirani uko kule, ng'ambo.
Nikapima kwa jicho, kama nipimavyo mti kabla ya kuuangusha.

Mbali.

Kindi huyu hana mbawa. Hujitandaza kama leso iliyodondoka,
hutumia kimo cha mti aliotoka mpaka kiishe.
Ramani haikuuliza atatua wapi.

Katikati ulibaki msonobari mmoja.
Zamu yake kesho.

Kesho nikaupita.
Kioo kikauliza; nikabonyeza: *umeoza*.
Haukuwa umeoza. Ulikuwa mti mzuri, mnyoofu,
bati mbili, labda tatu.
Bi Lempi, hizo unanidai.

Kila Machi napita njia ile.
Naegesha gari, natembea hadi shinani,
navua glavu.