Huruma ni Jina la Mtaa

Mwenye kamera alitupanga kando ya mtaro,
akamwambia Odera akunje uso, ashushe kofia.
Odera akakunja. Ni mpole, hapendi kukatalia wageni.
Wiki iliyofuata tukawa gazetini: "Kizazi Kilichopotea".

Hatujapotea. Mimi niko ghorofa ya nne,
mlango wa buluu, ukishapita ndoo za Mama Nekesa.
Huruma ni jina la mtaa, si ombi.

Odera yuko juu ya paa
na njiwa wake thelathini na mmoja,
kila mmoja na jina lake,
hata yule anayechechemea, Waziri.
Jioni huwaachia, na ploti nzima huinua shingo.

Siku ile pia aliwaachia.
Mpiga picha alikuwa ameinama
akipangusa viatu vyake vyeupe.