Vidole Vinne

Jumanne. Theluji imefika kwenye kitasa cha mlango wa nyuma,
na baba yangu, Ambrose Keough, ameng'oa kaunta ya jikoni
bila kumuuliza mtu.
Ilikuwa na duara jeusi la sufuria, la mwaka niliozaliwa,
na kingo zilizovimba kwa maji.
Imelala uani sasa, kifudifudi.
Paka wa jirani anaipita kwa heshima.

Mama yuko Alberta, kambini kwa wachimba mafuta.
Huwapikia wiki tatu, hurudi kwetu Newfoundland wiki mbili.
Ndege yake ni ya Alhamisi jioni.
"Una siku mbili," nasema.
"Na usiku wake," asema.

Mbao mbili za mwaloni, nzito kama deni,
tumezipitisha dirishani kwa kuwa ngazi ilikataa.
Nimetoka zamu ya usiku hospitalini, macho yamejaa mchanga;
kazi yangu ni kushika upande wa pili
na kunyamaza.

Nyumba hii haina pembe iliyo kweli.
Guniya ukiiweka konani, inacheka.
Pimamaji nayo, kile kipovu chake
kinakimbilia upande wa mteremko kama mtoto aliyeitwa.
Na ukuta una kitambi. Babu aliujenga
kwa mbao za kuokota na saa za kuiba,
nani angemwambia?
Wahenga walituonya juu ya ufa;
juu ya kitambi hawakuacha neno.

Baba hashindani nao.
Anausukuma ubao hadi uguse, anachukua bikari,
ile ile yangu ya darasa la sita:
mguu mmoja unatambaa ukutani,
wa pili, wenye penseli, unauandikia mwaloni
kila tumbo na kila bonde,
mpaka aibu yote ya babu
imekuwa mstari mmoja mwembamba.

Kisha msumeno. Kisha randa. Kisha msasa.
Kisha "bado".
Mara nne tumeupeleka, mara nne tumeurudisha.
Mara ya tano umeingia, ukakaa,
hata kadi ya basi haipenyi.

Tundu la sinki alilikosea.
Nalisema mimi kwa kuwa yeye hatalisema.
Aliugeuza ubao chali ili meno yasichane uso wake,
akasahau kwamba ukigeuza ubao
kushoto nako kunahama.
Msumeno ulikuwa umeshakula shubiri nzima
nilipovunja ukimya wangu.
Akauzima. Akaketi juu ya ndoo ya rangi.
Kettle ilichemka ikanyamaza yenyewe.
Halafu akakusanya vumbi la mwaloni ule ule,
akalikanda na gundi, akaliziba jeraha
taratibu, kwa kijiko cha chai.
"Kikasha cha mkate kitakaa hapa," akasema,
na tundu tukalikata mahali pake.

Jumatano usiku nafagia.
Nyuma ya mlango nakuta vipande vya mbao,
kumi na viwili, vyote vya urefu mmoja.
Navipima kwa mkono: vidole vinne.
Ni miguu ya makabati.
Ameikata kabla sijafika, kabla ya ubao wa kwanza.
Namtazama. Yeye anatazama msumari
unaoning'iniza aproni ya mama,
iliyochakaa mstari mmoja chini ya kifua,
pale kingo ya babu, mtu wa futi sita na ushee,
ilipomsugua miaka thelathini na moja.
Naendelea kufagia.

Alhamisi, saa mbili usiku, mama anaingia
na sanduku, na harufu ya ndege na vitunguu vya wengine.
Hasifu mbao. Hasemi lolote juu ya mafuta yanayong'aa.
Anavua glavu, anatwaa kisu na karoti,
anakata mbili, tatu,
kisha anasita.
Mabega yake hayajapanda.
Anaweka viwiko juu ya mwaloni, anavitazama.
"Una," ananiita, "nimerefuka huko Alberta?"

Baba akakisogeza kikasha cha mkate
kidogo tu, kushoto.